Bibi Alipolipima Basi la Kigali Mara Mbili

Mwezi wa sita kijiji chetu cha Sepuka, Singida, hakinuki kitu kingine ila alizeti. Vichwa vimekatwa, vimepigwa fimbo, mbegu zimeanikwa juu ya maturubai mpaka njia ya kwenda kisimani imebaki nyembamba kama mstari wa daftari, na kule kwenye mashine ya kukamua, moshi wa dizeli na harufu ya mashudu ya moto vinaingia hadi kwenye sare za shule. Nilikuwa na miaka tisa, na kazi yangu msimu ule ilikuwa kukaa juu ya magunia yaliyoshonwa ili yasitembee. Bibi yangu, mama yake mama, aliamini kwamba gunia la alizeti likiachwa peke yake hutembea. Aliamini pia kwamba mizani ya mnunuzi huja na akili zake kutoka mjini, kwa hiyo kila gunia lilipimwa mara mbili. Si Bibi peke yake, kijiji kizima ndivyo tulivyouza. Mnunuzi anatundika gunia, anasoma namba, anataka kuandika, na mwenye gunia anasema neno moja tu: "Rudia." Linashushwa, linatundikwa tena. Namba ikija ileile, mnapeana mikono. Ikiyumba, mnunuzi anafungasha mizani yake na kuondoka na aibu yake, na sisi watoto tunamsindikiza kwa nyimbo ambazo sitaziandika hapa, maana mwalimu wangu wa Kiswahili naye ana macho.

Sasa, msimu huohuo kulikuwa na mtu mmoja ambaye Bibi hajawahi kumpima hata mara moja: mume wa mama mdogo Mariamu. Mama mdogo ndiye kitinda mimba wa Bibi. Alikwenda kuuza kwenye duka la vitenge Kahama, akakutana huko na Mnyarwanda aitwaye Idrisa, wakaoana, akahamia Kigali. Mahari ililetwa, wajomba wakaila, lakini siku bwana harusi alipofika Sepuka, Bibi alikuwa amelazwa hospitali mjini, hivyo yeye alimjua mkwewe kwenye picha. Na kwenye picha, alisema, hata fisi anaweza kutabasamu. Tangu mfungo ulipoisha, mama mdogo akipigiwa simu alikuwa anaongea kwa kifupi, kama mtu aliyesimamiwa. Ukimwuliza mbona kimya, anasema amechoka. Amechoshwa na nini? Bibi akajaza majibu mwenyewe: anapigwa, au ananyimwa chakula, au vyote. Akauza magunia, akanichukua mimi kwa sababu nilikuwa mwepesi wa kusoma vibao, akatangaza kwamba anakwenda Kigali kumchukua binti yake. Hakusema kumwona. Alisema kumchukua. Mama yangu alipojaribu kumtuliza aliambiwa anyamaze, maana yeye mwenyewe aliolewa na mtu wa Kinampanda na mpaka leo haijulikani kwa nini.

Ile safari, jamani, kila kitu kilikuwa ushahidi. Pale mpakani Rusumo askari aliyenyooka kama rula alichungulia mizigo yetu, akachukua mifuko yote ya plastiki, maana kwao ni marufuku, na kuturudishia karanga zetu mikononi bila mfuko, kwa adabu nyingi. Bibi akasema mtu anayekunyang'anya mfuko kwa adabu, huyo ndiye wa kuogopwa. Tulipovuka, saa zikarudi nyuma, tukawa tumepewa saa nzima ya bure, na Bibi hapendi vya bure. Kisha gari letu likahamia upande wa kulia wa barabara. Bibi alishika dumu lake la mafuta ya alizeti, akalibana kifuani, akaanza kusoma kila dua aliyoijua, na alipoona magari yote yanakuja upande usio wao na hakuna anayegongana, hakufurahi hata kidogo. "Wameshazoea," akaninong'oneza. Alilitamka neno hilo kama watu wanavyotamka jina la ugonjwa.

Baba mdogo Idrisa alikuwa anatusubiri stendi ya Nyabugogo, ndani ya shati la njano linaloumiza macho. Alikuwa mwembamba kuliko picha yake. Alikuja mbio, akasimama hatua chache kutoka kwa Bibi, kwa sababu kwetu mkwe hamsogelei mama mkwe kama anavyosogelea shangazi yake, na bila shaka mama mdogo alikuwa amemfundisha. Akainamisha kichwa. "Shikamoo, mama." Bibi akamwangalia kuanzia viatu. Macho yake yalipofika magotini mimi nikaona nisaidie, nikasema shikamoo baba mdogo, naye akaniitikia marahaba kwa furaha ya mtu aliyeopolewa mtoni. Ndipo Bibi akatoa marahaba yake, ndogo, kavu. Akauliza, "Mariamu yuko wapi?" Yule bwana akasema yuko nyumbani, Nyamirambo, amelala. Mchana kweupe, amelala! Bibi akanibana bega. Baba mdogo alinyoosha mkono kupokea dumu la mafuta, akanyimwa.

Basi la mjini lilikuwa safi, limepaki kwenye mstari wake, na watu wamepanga foleni bila kuchapwa. Bibi akaenda kusimama upande wa kushoto kungoja mlango, akakuta ukuta wa bati mtupu. Mlango ulikuwa upande wa pili. Baada ya kuzungushwa kama mgeni wa harusi, akauliza swali ambalo kwa mtu wa Singida ni la msingi kabisa: konda yuko wapi? Baba mdogo akasema hakuna konda. "Sasa nauli anapokea nani?" Akaonyeshwa kimashine kilichobanwa karibu na dereva, chenye kioo kinachowaka. Fedha taslimu hazitakiwi, akaeleza, ni kadi tu. Akachomoa kadi yake, akaigusisha kwenye kioo, kikalia tii, namba ikatokea. "Hiyo yako, mama." Akagusisha tena, tii, namba nyingine. "Ya mtoto." Akabaki na kadi mkononi akingoja tupite ndipo agusishe yake.

Bibi hakupita. Alikuwa amekiinamia kile kioo kwa uso ninaoujua vizuri mno, uso wa mwezi wa sita. "Hiyo namba ni ya nini?" Baba mdogo akajibu kwamba ndiyo salio. "Rudia," akasema Bibi. Nakwambia yule mwanamume alitoka jasho. Angeweza kusema mama, ukirudia unalipa tena. Lakini siku yako ya kwanza na mama mkwe, mbele ya foleni nzima, unaanzaje kumwambia hajui kitu? Akajaribu kucheka. "Mama, imeshasoma." "Kama imesoma kweli, itasoma vilevile. Rudia." Na kwa kuwa mkwe alichelewa, Bibi akaichomoa kadi vidoleni mwake, akaigusisha mwenyewe. Tii. Namba ikaja tofauti, tena imepungua. "Unaona?" akanigeukia, macho yanang'aa kama ameshika mwizi na kuku. "Unaiona mizani hii?" Akagusisha mara nyingine ili foleni yote ishuhudie, na safari hii kimashine hakikulia tii. Kilikoroma, kikawaka chekundu.

Dereva akasema kitu kwa Kinyarwanda. Nyuma yetu watu wakaanza kuguna. Baba mdogo akachukua kadi yake, akatuelekeza kwa mkono tukae, akashuka kuwapisha wenzake, na kabla sijakaa sawasawa, mlango ukajifunga na basi likaondoka. Yeye akabaki chini. Nilimwona dirishani akipunga mikono yote miwili, njano tupu, halafu tukakata kona.

Hapo ndipo nilipoogopa, na mimi si mtu wa kuogopa, mimi ndiye niliyewahi kumpandisha mbuzi juu ya dawati la mwalimu. Tulikuwa katika mji wa watu, bila mwenyeji, bila kujua tunashuka wapi, bila fedha ya kule hata moja. Bibi aliketi wima na dumu lake magotini. "Si nilisema? Ametupakia, ameshuka. Sijui atamfanya nini Mariamu kabla hatujafika." Sauti yake ilitetemeka mwishoni, na mimi sikuwahi kuisikia ikitetemeka, hata siku ile nyumba ya jirani ilipoungua. Kijana mmoja akatupisha kiti kizuri zaidi. Bibi akamkatalia, akaniuliza kwa Kinyaturu, lugha ya kwetu, huyu naye anataka nini. Kisha pikipiki ikatokea ubavuni mwa basi, abiria wake amevaa kofia ngumu iliyomfunika kichwa chote, anatupungia. "Usimwangalie," Bibi akasema. "Mtu mwema hafichi uso." Mimi nikaona lile shati. "Bibi, ni baba mdogo." "Baba mdogo ana uso," akanijibu, akafunga pazia la dirisha, na kwa kuwa halikuwepo, alitumia khanga yake.

Mwisho wa njia tulimkuta amesimama, kofia imekwisha kurudi kwa mwenye pikipiki, jasho limelibadilisha shati rangi. Alisema tu, "Karibuni Nyamirambo," akatangulia, na sisi nyuma yake, Bibi akihesabu kwa sauti kona zote ili tujue pa kukimbilia.

Mama mdogo alikuwa kitandani kweli, na tumbo lake tuliliona kabla ya uso wake. Daktari alikuwa amemkataza kusimama, na yeye aliogopa kuitangaza mimba kwenye simu kabla haijatulia, ndiyo maana ya kule kuongea kwa kifupi. Bibi alilishika lile tumbo, akalia, akajifuta, akarudi kazini. Akamhoji kwa Kinyaturu ili mkwe asiambulie kitu: anakupiga? Anakunyima chakula? Funga mzigo, mtoto huyu atazaliwa Sepuka. Mama mdogo akajibu kwa Kiswahili, kwa sauti ya kufika jikoni. "Mama, ananipikia. Vibaya, lakini ananipikia. Siendi popote." Kisha akauliza kwa nini mumewe amelowa jasho hivyo, akaelezwa, akacheka mpaka akashika mbavu. Akamfafanulia mama yake kwamba kila ukigusa, mtu mmoja amelipiwa, na salio likiisha kimashine kinawaka chekundu. Bibi alikuwa amemlipia mtu mmoja hewa, na huyo ndiye aliyekalia nafasi ya mkwewe.

Bibi hakuomba radhi, kwetu mama mkwe haombi radhi kwa mkwe, dunia itapinduka. Alisema tu kwamba mizani inayokata kila ukiipima haifai kuwekwa hadharani. Halafu akalisukuma lile dumu kwenye sakafu hadi karibu na miguu ya baba mdogo. "Chukua," akasema. "Usije ukamkaangia mwanangu kwa maji." Tulirudi Sepuka baada ya mtoto kuzaliwa, Bibi na mimi tu.

Sasa niko kidato cha tatu, nakaa Utemini, Singida mjini, kwa shangazi, na nalipia karibu kila kitu kwa simu bila kukisomea dua. Wenzangu wananiona mjanja. Lakini nikimfikiria Bibi najiona mvivu. Yeye alivuka mpaka mzima ili akamshuku mtu ana kwa ana, akaliona jasho lake, akala chakula chake kibaya, kisha akaamua. Mimi nina watu kibao kwenye simu ambao nawaita marafiki na sijawahi kupata hata nafasi ya kuwashuku vizuri. Kuna mmoja anasema anasoma Kiomboi, anajiita jina la mchezaji mpira, ananiita mrembo, na picha zake zote amevaa miwani ya giza. Wiki iliyopita nilimwandikia kwamba Jumamosi aje Utemini mchana, Bibi atakuwepo. Ameisoma. Hajajibu.