Viatu vya Msibani

Kijiji kizima cha Mapera kilijua kwamba kwa Hildegardi Kapinga huingii bandani. Hata kaka yake wa kuzaliwa, Ildefonsi, aliishia kwenye uzio wa mianzi, akaletewa kigoda na togwa papo hapo. Ndani kulikuwa na nguruwe jike tisa wa mbegu na dume mmoja, na watu walitoka hata kijiji cha Kitura kuja kununua watoto wa nguruwe hao. Mlangoni palikuwa na beseni la dawa ya kukanyagia na gambuti za humo ndani tu. Makombo ya hotelini, ambayo wengine waliwalisha nguruwe wao, hakutaka hata kuyasikia.

"Si wamechanjwa?" watu walimuuliza. "Unaogopa nini?"

"Wamechanjwa ugonjwa wa miguu na midomo. Homa ya nguruwe haina chanjo. Ikiingia, imemaliza."

Miaka kumi na moja aliishi hivyo, tangu afiwe na mumewe.

Mwezi wa tano mama yake alifariki huko kijijini Ukata. Siku ya kuanua matanga walichinjwa nguruwe wawili, naye akasaidia kukata nyama. Alimsikia mtu akisema kwamba kwa jirani wa pale msibani nguruwe walikuwa wanakufa wenyewe. Alisikia, lakini siku ile kichwani mwake alikuwemo mama tu.

Aliporudi Mapera, kabla hajatua mzigo, alisikia jike wake mkubwa akilia kwa uchungu wa kuzaa. Mtoto alikuwa amekwama. Hildegardi hakuliona beseni. Aliingia na viatu vilevile, kitenge kilekile, akapiga magoti, akapitisha mkono. Walitoka kumi, wote wazima. Akacheka, mara ya kwanza tangu msiba.

Siku ya saba yule jike aligoma kula. Masikio yakawa mekundu, kisha zambarau. Wiki mbili baadaye hakukuwa na aliyesimama.

Pankras, bwana mifugo wa kata, alikuja na mifuko ya chokaa.

"Shikamoo, mama. Nani aliingia bandani?"

"Mimi."

Pankras alishika kalamu, akisubiri jina lingine.

"Mimi, mwanangu. Hakuna mwingine."

Waliwafukia, kijiji kikawekwa karantini. Hildegardi akaenda kwa jirani yake, Nazari, kumwomba asitoe nguruwe hata mmoja. Alimkuta anafagia banda tupu.

"Wako walichanjwa na wamekwisha, dada," Nazari alisema bila kuinua macho. "Wangu ningewangojea nini? Gari limewapakia asubuhi, limeshuka nao vijiji vya kando ya ziwa, kwa wafugaji wa huko."

"Wote?"

"Wote. Na yule aliyekuwa anakohoa."

Hildegardi alimpigia Pankras. Simu haikupatikana. Akapiga tena, kisha akaketi kwenye ukuta mfupi wa banda la Nazari. Jua lilikuwa limepinda. Kwa vyovyote gari lile lilikwishafika, na nguruwe walikwishagawanywa nyumba kwa nyumba.