Niliyoyasikia Chini ya Blanketi

Niwieni radhi kwa kimya changu. Homa ya papasi, wale kupe wa sakafuni, ilinirudia tena.

Leo mke wangu, Zuhura, alikuwa akinifukiza kwa majani ya mwarobaini.
Nimo chini ya blanketi, jasho linanitiririka, jirani yetu Mama Kadzo akabisha hodi.

“Mwalimu yuko wapi?”

“Hayupo.”

Sijapata kumsikia akisema uongo! Nikatega sikio.

“Dawa ya hospitali inamsaidia,” Zuhura akaendelea. “Majani haya yanamchangamsha tu, nami yananituliza. Lakini papasi wamo humu, kwenye sakafu ya udongo. Natamani tuhamie Kibarani kwa mwanetu. Lakini nyumba hii Mwalimu aliijenga mwenyewe, nitamwambiaje?”

Nikafunua blanketi.
“Umeshaniambia, Zuhura.”

Mama Kadzo alitoka mbio. Zuhura alilia, kisha akacheka.

Nyumba hii naipenda. Yeye nampenda zaidi, ingawa sijazoea kuliandika jambo hilo.

Nanyi mwaonaje? Tukishaamua, nitawaandikia.