Meinwen Kusini

Meinwen alikwenda makaburini na ndoo na brashi kuosha jiwe jipya la mumewe, akaishia kuangusha ndoo. Chini ya jina la marehemu Goronwy Jones wa Hafod Las palikuwa pamechongwa kwa herufi za kupendeza: NA MKEWE, MEINWEN KUSINI. Kisha mwaka wake wa kuzaliwa, kistari, na nafasi tupu inayomngoja.

Kusini! Jamani, hata kaburini?

Miaka arobaini na mitatu ameishi huku kaskazini mwa Wales, kijijini Llanerwyd. Aliolewa akitokea mabonde ya makaa ya mawe ya kusini, na wiki ile ile wanawake wa dukani wakamcheka kwa jinsi anavyoyaita maziwa kwa lahaja ya kwao, wakampachika Kusini. Sawa, alicheka nao. Wales nzima akina Jones wamejaa kila kona, kwa hiyo mtu asiye na jina la kupachikwa hajulikani: Glenys Maziwa, Idwal Mbao, Huw Posta. Huw alipostaafu, Meinwen ndiye aliyerithi mkoba wa barua, akajua sasa ataitwa Meinwen Posta. Thubutu! Miaka thelathini na mmoja ya theluji na mbwa wa kila shamba, na bado ni Kusini. Mvua ikizidi, "Umetuletea ya kwenu." Timu ya kusini ikishinda, anapewa hongera kana kwamba mpira aliucheza yeye. Na huko kusini kwenyewe, tangu dada yake afariki, hana hata mlango wa kubisha hodi.

Idwal Mbao, binamu wa marehemu na mzee wa kanisa, alikuwa akipaka rangi geti. Jiwe lile aliliagiza yeye.

"Shemeji, nani kakutuma uandike upuuzi ule?"

"Upuuzi gani tena?"

"Kusini! Tangu nije hapa nimetaka kitu kimoja tu. Kimoja! Nikifa, niwe mtu wa hapa. Wewe unanizika kama mgeni aliyeachwa na treni!"

"Punguza sauti, shemeji. Watu wamelala."

"Waamke! Jiwe lile utalitoa."

"Likishachongwa limechongwa. Fundi kaniuliza jina, nikampa jina. Ulitaka nimpe lipi?"

"Meinwen Posta!"

Idwal alibaki na brashi hewani, anashangaa kwelikweli. "Posta? Ndiye nani huyo?"

Meinwen alilitazama kopo la rangi, akatamani kummwagia kichwani. Bahati ya Idwal, akatokea Mwingereza mmoja kijana, mkoba mgongoni, ramani imelowa chapachapa, akauliza njia ya kwenda ziwani.

"Muulize mama huyu," Idwal akasema bila hata kugeuka. "Mwenyeji wa bonde hili ndiye yeye. Mimi nimezaliwa hapa, na nikipotea namuuliza yeye."

"Umesemaje?" Meinwen akadakia.

"Kwani uongo?"

"Mimi mwenyeji, halafu unanichonga Kusini?"

"Sasa ubaya uko wapi? Akina Meinwen Jones wamelala watatu humu ndani. Posta walikuwepo kabla yako, na wengine watakuja. Kusini tunaye mmoja tu. Ukitajwa, hakuna anayeuliza yupi." Akachovya brashi, akaendelea na geti lake, kwake yeye mambo yamekwisha.

Maneno hayo yalimuudhi Meinwen kuliko jiwe lenyewe. Basi hasira zote akazimalizia kwa yule kijana.

"Geti la kwanza usiguse, lina fahali. Pita la pili. Mbwa wa shamba la Tŷ Draw anabweka bure, usimkimbie. Na hiyo ramani itupe. Ukipotea, gonga nyumba yoyote."

"Niseme nimeelekezwa na nani?"

Meinwen alimtupia jicho Idwal, ambaye ghafla alikuwa na kazi nyingi mno pale getini. Akasonya.

"Sema Meinwen," akasema. "Meinwen Kusini. Watajua."