Aliyenijibia Salamu Barabarani Baraka

Mimi ni mzee wa kanisa. Ulimi unaosoma Neno la Mungu mbele ya watu siwezi kuuchafua kwa uongo, tena nikiwa karibu na kaburi. Haya yalinipata hapa mjini Baraka, kando ya ziwa, mchana wa jua kali, miaka michache kabla ya uhuru.

Nilikuwa na kamera ya kukunja, niliyoinunua kwa mjane mmoja wa Lulimba. Marehemu mumewe alikuwa akiwapiga foto wachimba dhahabu. Kioo chekundu cha nyuma, kinachoonyesha namba ya picha, kilikuwa kimepasuka na kuingiza mwanga, nikakiziba. Tangu hapo nilihesabu kwa ufunguo wa kuzungushia filamu: robo nane za mzunguko, ndipo nipige picha inayofuata.

Lakini nani anahesabu kwa amani kando ya barabara? Watu wanapita, wanasalimu, na kwetu salamu haijibiwi kwa mkono mmoja. Niliachia ufunguo, nikauliza watoto, shamba, ugonjwa wa shangazi. Nikirudi, nilikuwa nimefika robo ya ngapi? Basi picha zangu zilipandana. Mama yangu nilimpiga mara mbili: kwanza akatoka na pembe za mbuzi wa jirani, kisha na mtumbwi unaompita kifuani.

“We mutoto,” alicheka, “mara ya tatu utanipatia mukia!”

Alicheka huku akikohoa. Alikuwa amekonda sana, na sikuwa na picha yake nyingine. Ilibaki filamu moja.

Siku ile nilipiga kwanza nyumba yetu, nikamketisha Mama mlangoni, nikaanza kuzungusha. Robo ya tatu, wavuvi wa Swima wakatokea.

“Jambo, ndugu! Habari ya nyumba?”

Kabla sijaachia ufunguo, sauti nyuma yangu ikawajibu: “Tuko wazima! Ziwa inasema nini?”

Nikageuka. Mzee mwenye kofia ya majani iliyochanika, viatu vina tope jekundu. Niamini, mvua haikuwa imenyesha mwezi mzima.

“Usiachie ufunguo,” alisema. “Mi nitajibu.”

Akawajibu wote, akauliza nyavu, akacheka nao, huku mimi nikizungusha. Kisha akaniambia polepole, “Sasa iko nane. Filamu ikijikunja na kunenepa ndani, punguza robo. Picha ya mwisho iko sita.”

Nikapiga. Nilipogeuka kumshukuru, uwanja ulikuwa mtupu. Mchangani palikuwa na nyayo zangu tu.

“Mama, yule muzee ameenda wapi?”

“Si iko nyuma yako? Mupe kiti, asisimame.”

Nilimaliza filamu kwa hesabu yake, nikaituma Uvira isafishwe; ilirudi na picha nane, kila moja peke yake, nafasi kati yao sawasawa. Mzee hayumo. Mama yumo, hana pembe wala mkia. Anatabasamu, macho yake juu ya bega langu, kama anayempokea mgeni. Mungu alimchukua kabla ya mvua za kwanza. Namshukuru kwa picha ile.

Baadaye nilimweleza yule mjane aliyeniuzia kamera juu ya mzee na kofia yake. Alijifuta machozi, akacheka: “Kumbe bado anasalimia watu!”

Kwa hiyo wewe unayenunua chombo cha marehemu, usikimbilie kukitumia. Kisalimie kwanza, kwa mikono miwili. Na weka kiti nyuma yako. Changu kipo hadi leo. Wajukuu wanajua hakikaliwi.