Wapagazi Nyuma ya Kitambaa

Zamani za Mwingereza nilifundisha katika shule ya bweni ya wasichana, shule ya misheni nje kidogo ya Tabora. Sista mkuu alipotaka madarasa ya juu yacheze mchezo mbele ya wazazi, mwalimu mwenzangu alipewa waigizaji, mimi nikapewa waliobaki.

"Wewe unajua kushona na kuchora," Sista aliniambia. "Tutengenezee jukwaa."

Waliobaki walikuja wamenuna. Mmoja, msichana mrefu wa Puge, alikuwa amelia mpaka macho yamevimba. Alikuwa amekariri maneno yote ya mke wa mpagazi, lakini sauti yake haikuvuka benchi la pili, akaachwa.

"Sasa baba atoke Puge kuja kuniona nikifanya nini?" aliniuliza.

Nilimpa sindano na uzi.

Mchezo ulihusu wapagazi wa Unyanyembe wanaobeba pembe za ndovu kwenda pwani, na wake wanaowangoja. Niliwafundisha wasichana yale machache niliyoyapata chuoni: kwamba jukwaa hulitazami ukiwa umesimama juu yake, unakwenda kukaa benchi la mwisho kabisa, penye kona, halafu ndiyo useme kama limependeza. Tuliunga vipande vya amerikani vikawa kitambaa kimoja kikubwa cha kufunika ukuta wa nyuma. Chini tukachora vilima na miombo kwa udongo mwekundu, masizi na chokaa, tukivikoroga na uji mwembamba wa muhogo ili vishike. Juu tukaacha peupe pawe mbingu.

Pembe tulizitengeneza kwa magazeti na gundi. Siku ya mazoezi waigizaji walizirusharusha kama mifagio. Msichana wa Puge alicheka, mara ya kwanza tangu aje kwangu.

"Mwalimu, hawa hawajabeba kitu."

Akaenda kuokota mawe, akayafunga ndani ya kila pembe. Kesho yake waigizaji walilalamika mabega yanauma, lakini walitembea kama watu wanaokwenda mbali.

Tangu hapo nilimkabidhi alfajiri ya mchezo. Nyuma ya kitambaa tuliweka taa ya karabai ndani ya debe lililokatwa upande mmoja, na kazi yake ilikuwa kuligeuza taratibu mpaka mbingu ipate mwanga. Mtu akikatiza kati ya taa na kitambaa, kivuli chake kilijaa mbinguni, naye alifoka, "Toka hapo, unaniharibia asubuhi!" Kwa kufoka, sauti ilimtosha.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi mchana. Tulitundika mablanketi madirishani ili bwalo liwe giza. Wazazi wa Kigwa walikuja kwa gari moshi, wa Puge kwa lori. Nilimsalimu baba yake mlangoni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwalimu. Mwanangu anacheza nani?"

"Yuko nyuma, baba. Anashika taa."

"Taa," alisema, akaenda kukaa na mkewe.

Sehemu ya kwanza ilikwenda vizuri. Wapagazi walipokuwa wanaagana na wake zao, mvua ikashuka juu ya mabati. Waigizaji walipaza sauti, wakapiga kelele, lakini tuliona midomo tu ikifunguka. Watu wakaanza kugeukiana. Sista alinitazama kutoka benchi la mbele kana kwamba naweza kuizima mvua.

Msichana wa Puge alinivuta mkono, akaniwekea mdomo sikioni. "Mwalimu, tuwapitishe huku nyuma. Kati ya taa na kitambaa. Hawatahitaji kusikika."

Niliogopa. Hatukuwa tumefanya mazoezi hayo hata kidogo. Lakini nilimwona ameshalishika debe, mikono yake imetulia, nikamwambia, "Haya."

Tulizima taa za mbele. Yeye akageuza debe lote, mbingu ikawaka, akawasukuma wapagazi mmoja mmoja kwa kuwagusa mgongoni. Walipita juu ya vilima vyetu, weusi, wakubwa, wameinama chini ya pembe zao. Wa mwisho aligeuka nyuma, na kivuli cha mwanamke kikainua mkono. Nilichungulia pembeni ya kitambaa. Bwalo zima lilikuwa limetulia, na akina mama wengine walikuwa wameshika vifua. Mvua ilipopungua tulisikia wanaimba, wale wa mabenchi ya nyuma, wimbo wa safari wa Kinyamwezi ambao haukuwemo kwenye mchezo wetu.

Watu walipokuwa wanatoka, baba yake alipanda jukwaani.

"Wale wote aliwapitisha yeye?"

"Yeye, baba. Na shauri lilikuwa lake."

Binti alitoka nyuma ya kitambaa, akapiga goti, akaamkia. Baba aliitikia huku akiitazama karabai. "Hebu nionyeshe," alisema.

Binti alimsimamisha baba kati ya taa na kitambaa, akageuza debe. Kutoka kwenye mabenchi tulisikia mama yake akiangua kicheko. "Baba wee! Kumbe una tumbo!" Mzee naye akajigeuza upande, akajitazama, akainua mkono wake, akaupunga.

Muhula uliofuata Sista alitupa chumba cha stoo kiwe chetu. Nilipouliza nani anataka kazi za jukwaa, mikono ilikuwa mingi kuliko sindano nilizokuwa nazo, na msichana wa Puge alikuwa ameshawakalisha wapya benchi la mwisho, penye kona, akiwaambia watazame kwanza.