Mavi ya Ng'ombe Uwanjani

Juzi niliona kwenye simu kwamba ndege kutoka Mwanza hadi Bukoba haichukui hata saa moja. Nikakumbuka mchana ule wa utotoni Nachingwea, kusini kabisa mwa nchi, mjomba alipompigia mama kumwambia bibi yuko hoi huko Bukoba.

"Ukishafika Mwanza, dada, panda ndege. Ni karibu tu."

"Na hiyo Mwanza nitafikaje leo?" mama aliuliza.

Nilikimbilia uwanja wa ndege uliomea nyasi, ambako ng'ombe wetu walilishwa. Niliamini ndege hazitui kwa sababu ya mavi. Nikayazoa kwa mikono, mengine yangali ya moto.

Mama alinikuta huko, macho yamemvimba.

"Nimebakiza kidogo, mama," nilimwambia.

Aliinama, akaanza kuzoa pamoja nami.