Tumefanya, Mmefanya

Wenzake wanamwita Nahodha, ingawa sijawahi kumwona akilowa hata ukucha. Mimi ndiye mlinzi wa bwawa hili la kuogelea, ambako timu yake ya wanafunzi huja kujaribu roboti yao ya kuzama majini. Wenzake wana vidole vilivyoungua kwa kuunga nyaya. Vyake ni laini, kazi yake kupapasa simu. Mambo yakienda vizuri husema "tumefanya". Yakiharibika, "mmefanya". Zamani mkubwa wa kazi ulimjua kwa sugu za viganja. Siku hizi tumeletewa wakubwa wa midomo.

Leo walikuja majaji kuchagua timu za mashindano. "Nahodha, gundi ya kifuniko bado mbichi," alisema binti anayeziba viungo vya roboti. "Tuwaombe tuwe wa mwisho."

"Dada, hawakuja kutazama gundi ikikauka. Izamisheni."

Wakaizamisha. Taa zake zikazimika kabla haijafika chini, mapovu yakapanda. Jaji akauliza kulikoni.

"Walifanya pupa," Nahodha akajibu, jicho kavu. "Niliwaambia wangoje."

Nusura nimrushie ufagio. Jaji alikwisha kuwakata jina, akaenda kwa timu nyingine. Wenzake, maji kifuani, wakaisukuma roboti hadi ukingoni, ikivuja kila upande. Nahodha akarudi nyuma ili isimdondoshee maji viatuni.

"Rudi tu, kaka," binti akamwambia. "Ukilowa, watu watadhani u mwenzetu."